Mpwa wangu kaingia kwenye meth na methadone haimsaidii, nifanye nini, na nchi ifanye nini?

SWALI: Shikamoo dokta. Naandika kutoka Mikindani. Nina mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, miaka 23, anaendesha boda Mtwara mjini. Zamani ilikuwa bangi tu, tangu msimu wa korosho uliopita kahamia kwenye hii dawa ya kulevya inayoitwa meth. Halali, anaongea peke yake, anasema kuna watu wanamfuata na pikipiki. Niliuliza habari za methadone, ile dawa wanayopewa watumiaji wa heroini, nikaambiwa kwa hii haifanyi kazi. Kijiweni wengine wanasema serikali ifanye kama Ufilipino, wapigwe risasi tu, wengine wanasema Ureno waliruhusu na mambo yakaisha. Wewe unasemaje? Na je, nikamripoti? Na boda nimnyang'anye? Ni ya mkopo, na mdhamini ni mimi.

JIBU: Marahaba kaka. Umeuliza mengi kwa pumzi moja ila ntaanza na kijana, maana nchi inaweza kusubiri, yeye hawezi.

Aliyekwambia methadone haimfai hajakudanganya. Methadone inakaa mahali palepale kwenye ubongo ambapo heroini inakaa, ndo maana mtu wa unga, yaani heroini, akinywa dozi yake asubuhi arosto, yale mateso ya kukosa dawa, inatulia, anaenda zake kibaruani. Meth haipiti huko kabisa. Yenyewe inaulazimisha ubongo umwage dopamini, ile kemikali inayokupa hamu na raha ya kufanya jambo, inaimwaga kwa mkupuo na inazuia isirudi ilikotoka, halafu haina haraka ya kuondoka mwilini. Baada ya masaa kumi, kumi na mbili hivi unakuta nusu yake bado imo, wakati kokeini nusu yake inaisha ndani ya kama saa moja tu. Sasa mtu anavuta saa mbili usiku, akija kukaribia kutulia anaongeza, na siku ya tatu ubongo ambao haujalala unaanza kuona vitu. Kama lakini anachanganya na unga, na wapo wengi wanaochanganya, hapo methadone itasaidia upande wa unga, kwa hiyo muulize vizuri, usiulize kama askari.

Nikwambie picha moja ili ujue unachokiangalia. Tuliletewa kijana mmoja, naye wa boda, alikuwa amefungua kabureta ya pikipiki yake tangu saa tisa usiku mpaka jua linatoka, anasafisha, anafunga, anafungua tena, vidole vimechubuka vyote na petroli inamchoma, ukimuuliza anakwambia bado kuna mchanga ndani. Hakukuwa na mchanga wowote. Mikono ilikuwa na vidonda kwa sababu alikuwa anajikuna kutoa wadudu waliokuwa wanatembea chini ya ngozi, nao hawakuwepo. Nyumbani walishasema karogwa, walishamaliza hela kwa mganga, na siwalaumu hata kidogo, maana mtu anayesikia sauti na kuona watu ukutani ungesemaje wewe kama hujui kwamba kuna dawa nyeupe kama chumvi ya mawe inayofanya hivyohivyo?

Basi akiwa kwenye hali hiyo usibishane naye kuhusu hao wanaomfuata. Usimwambie ni uongo na usimwambie ni kweli, mwambie hapa uko kwangu, hakuna atakayeingia. Chumba kiwe na utulivu, mwanga kidogo, watu wasijazane mlangoni, redio izimwe, maji ya kunywa yawepo na chakula chepesi. Msimfunge kamba. Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu huku kwetu kamba ndo kitu cha kwanza, na mwili wa mtu aliyevuta meth unakuwa na joto kali na moyo unakimbia, ukimfunga akapambana na kamba juani joto linapanda zaidi na anaweza kukufia mikononi. Akilalamika kifua, akichemka mwili, akipata degedege, akipooza upande mmoja, au akishika panga, hapo hakuna mjadala, ni hospitali. Mtwara mjini Ligula, aliyeko Lindi aende Sokoine, muombe muone watu wa afya ya akili na mseme ukweli amevuta nini, msiseme malaria. Kule kuna dawa za kumtuliza na kumlaza, na usingizi peke yake unatibu nusu ya ile wazimu.

Halafu ataanguka. Atalala siku mbili hata tatu, ataamka kula kama mtu aliyetoka jela, na nyumba nzima itashangilia kwamba kapona, shangazi ataanza kupika. Hapo ndo penye hatari ambayo watu hawaioni. Arosto ya unga inaonekana kwa macho, mtu anatapika, anaharisha, anatetemeka, kila mtu anajua anaumwa. Ya meth haina fujo hiyo, ni kijana amekaa kwenye mkeka, hana hamu ya chochote, chakula hakina ladha, mpira hauna maana, na hali hiyo inakwenda wiki kadhaa, kuna wengine miezi. Ndani ya kipindi hicho wapo wanaojiua. Kwa hiyo dawa za mikorosho zilizobaki stoo zifungiwe na ufunguo ukae kwa mtu, na asilale peke yake. Sikutishi, ila hili ni jambo la kufanya leo jioni.

Dawa ya kumeza ya kutibu uraibu wa meth yenyewe bado haijapatikana, yaani hakuna iliyopitishwa rasmi kwa kazi hiyo. Wamarekani walijaribu kuchanganya dawa mbili, sindano ya naltreksoni na vidonge vya bupropioni, majibu yakatoka 2021: waliopata nafuu ya kueleweka walikuwa asilimia 13.6, na waliopewa dawa bandia asilimia 2.5. Ni kitu, lakini ukikaa ukafikiri, kati ya kila watu mia, themanini na sita hawakusaidika. Kinachofanya kazi vizuri kuliko vyote mpaka sasa kitakushangaza, ni kumlipa mtu kwa kutotumia. Anakuja kliniki, anakojoa kwenye kikopo, mkojo ukiwa safi anapewa zawadi palepale, wiki ijayo ikiwa safi tena zawadi inaongezeka, ikiwa chafu hapati kitu ila hagombezwi wala hafukuzwi, anaanza upya. Jimbo la California wameuweka mpango huu kwenye bima ya afya ya watu wa kipato cha chini tangu 2023, kikomo ni dola 599 kwa mwaka kwa mtu mmoja. Najua wabunge wetu wakisikia watasema unamlipa teja, kodi yangu! Mimi nasema piga hesabu ya kumlisha mahabusu mwaka mzima halafu tuongee. Huku haina haja iwe hela, mchele kilo mbili, vocha, mafuta ya pikipiki lita moja, vinatosha, kwa sababu ubongo ambao raha zote zimezimwa unahitaji kaushindi kadogo ka karibu, ahadi ya kuja kuwa mtu mzima mwenye familia yake haifiki huko.

Na ubongo unarudi, hilo mwambie mama yake. Vipimo vya picha za ubongo vinaonyesha zile sehemu za dopamini zinajijenga tena mtu akikaa zaidi ya mwaka bila kutumia, siyo zote na siyo kwa usawa, lakini zinarudi. Mwaka ni mrefu na atateleza katikati. Kuteleza siyo kurudi sifuri.

Sasa nchi. Kwanza tuelewe kitu hiki kinatoka wapi, maana watu wanadhani meth inatengenezwa na wazungu kwenye maabara tu. Kule Afghanistani kuna mmea wa porini unaoota milimani wenye efedrini ndani yake, na kuanzia miaka ya 2017 hivi wakagundua unaweza kutoa meth kutoka kwenye huo mmea kwa bei ya kutupa. Njia ya kuitoa ilikuwa tayari, ni ileile ya heroini, majahazi kutoka pwani ya Irani na Pakistani yanashuka mpaka huku kwetu, Kenya, Tanzania, na kusini zaidi Cabo Delgado kule Msumbiji. Ukiwa Msimbati, hiyo Msumbiji unaiona kwa macho, huna haja ya kuelezwa. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya walitangaza wamekamata kilo 3,182 za heroini na meth Dar es Salaam na Iringa, mzigo mkubwa kuliko wowote uliokuwa umewahi kukamatwa nchini mpaka wakati huo. Nawapongeza, ni kazi ya hatari. Ila mzigo wa tani tatu hauletwi kwenye nchi isiyo na soko wala njia, na njia yoyote ya magendo huwa inadondosha, kwa sababu wabebaji wa chini mara nyingi wanalipwa bidhaa badala ya fedha na wao lazima waiuze mtaani. Ndo inavyofika Magomeni na Chikongola hapo Mtwara mjini.

Nchi ya kuangalia kwa makini ni Afrika Kusini, siyo Ufilipino. Cape Town wanaiita tik. Mwaka 2002 kati ya wote walioenda kutafuta matibabu ya dawa za kulevya kule Western Cape, waliosema shida yao kubwa ni tik hawakufika hata asilimia moja. Mwaka 2006 walikuwa zaidi ya asilimia 40. Miaka minne tu! Na kilichoiingiza ni kitu ambacho mtu wa pwani atakielewa haraka, kuna konokono fulani wa baharini anayeliwa sana Uchina, magenge ya Cape yalikuwa yanamvua kwa wizi, na wanunuzi wakawa wanalipa kwa kemikali za kutengenezea meth badala ya fedha. Dawa ikajaa kwenye mitaa yenye vijana wasio na kazi, magenge yapo tayari, kliniki chache, na zilizokuwepo zilikuwa zimezoea wagonjwa wa pombe na mandraksi, vidonge vya kulevya vya zamani. Ukiniuliza naogopa nini kuhusu Mtwara na Lindi ndo hicho, kwamba kila tulichojenga tumekijenga kwa ajili ya unga. Methadone ilianza Muhimbili 2011, tulikuwa mbele ya nchi nyingi za Afrika na ni jambo la kujivunia, imeokoa watu wengi sana. Lakini mgonjwa wa meth akifika kwenye dirisha lile anaambiwa ulichoambiwa wewe, haifanyi kazi, nenda nyumbani. Hilo neno "nenda nyumbani" ndo pengo lenyewe.

Sasa hao wa kijiweni kwako wanaotaka risasi. Ufilipino chini ya rais Duterte, 2016 mpaka 2022, serikali yenyewe imekubali zaidi ya watu 6,000 waliuawa kwenye operesheni za polisi, mashirika ya haki za binadamu yanataja idadi kubwa zaidi ya hapo, wengi maskini wa mitaa ya mabanda, mzee mwenyewe akakamatwa Machi 2025 akapelekwa mahakama ya kimataifa ya jinai, The Hague. Shabu, ndo wanavyoiita meth kule, ipo mpaka leo. Thailand walitangulia, 2003 chini ya waziri mkuu Thaksin, watu zaidi ya 2,000 walikufa ndani ya miezi mitatu, baadaye tume ikaja kusema zaidi ya nusu yao hawakuwa na uhusiano wowote na dawa za kulevya. Fikiria hapo Mikindani mtu ana ugomvi wa shamba na jirani yake, halafu kuna orodha ya majina kwa mtendaji. Umeelewa? Magereza ya Thailand yakajaa mpaka karibu wafungwa wanne kwa kila watano wakawa wa kesi za dawa za kulevya, vidonge vya meth wanavyoviita yaba vikaendelea kushuka bei, na 2016 waziri wa sheria, jenerali wa jeshi kabisa kwenye serikali ya kijeshi, akasimama akasema vita hii tumeshindwa. 2021 wakaandika sheria mpya inayompeleka mtumiaji kwenye matibabu kwanza. Yaani walizunguka miaka kumi na nane na makaburi yote yale kurudi pale ambapo nesi yeyote angewaambia waanzie.

Na hawa wa Ureno nao wasubiri kidogo. Ureno 2001 hawakuruhusu, muuzaji anafungwa kama kawaida, walichofanya ni kumtoa mtumiaji mahakamani, akikutwa na kiasi cha kumtosha siku kumi anapelekwa mbele ya jopo la watu watatu, ndani yake mwanasheria na watu wa afya au ustawi wa jamii. Wakamwaga hela kwenye matibabu. Na tatizo lao kubwa lilikuwa heroini, ambayo methadone inaiweza. Jimbo la Oregon kule Marekani wakaiga nusu, kura ya 2020, ukikutwa na kete unapewa faini ya dola 100 au upige simu ya ushauri ifutwe, watu wakatupa karatasi, simu hawakupiga, vituo vya matibabu vilikuwa bado havijafunguliwa, mitaani fentanili, dawa kali kuliko heroini, nayo ikawa imeingia, wananchi wakachoka na Septemba 2024 ikarudi kuwa kosa la jinai. Kwa hiyo kufuta adhabu bila kuwa na mahali pa kumpeleka mtu kunakupa hasira za wananchi, na hasira hizo zinarudisha rungu. Hata hofu tupu ina gharama. New Zealand waliogopa mabaki ya moshi wa meth kwenye kuta mpaka shirika la nyumba la serikali likawasumbua na kuwahamisha wapangaji karibu 800, ikaja ripoti ya mshauri mkuu wa sayansi 2018 ikasema hakuna ushahidi kwamba kuishi kwenye nyumba ambayo mtu alivutia tu kunamdhuru mwingine. Wakaomba radhi. Nakumbusha hili kwa wenye nyumba wetu wanaomtupia mtu godoro nje saa nne usiku.

Msimamo wangu basi, na wenzangu wengine hatukubaliani. Mfanyabiashara wa dawa hizi abanwe, sheria yetu ya 2015 inafika mpaka kifungo cha maisha kwa msafirishaji na mimi sina tatizo nayo, bandari na fukwe zilindwe. Lakini tusijidanganye kwamba kubana kutamaliza. Marekani walizificha dawa za mafua zenye pseudoefedrini nyuma ya kaunta baada ya sheria ya mwaka 2005, maabara za majikoni zikapungua kweli, halafu Mexico wakabadilisha kemikali na kuleta meth safi zaidi na rahisi zaidi. Meth haitegemei shamba la mtu, ukifunga mlango huu wanapika kwa mapishi mengine. Kwa hiyo shilingi ya ziada mimi ningeiweka kwa mtumiaji: kitanda cha kulaza mtu siku tatu kila hospitali ya wilaya, nesi wa afya ya akili Masasi, Newala, Kilwa, Nachingwea, vikopo vya mkojo na zawadi ndogo, na soba hausi, zile nyumba za wanaoacha dawa, zikaguliwe kwa sababu zipo nzuri na zipo ambazo ni minyororo na fimbo. Na mtumiaji aliyekutwa na kete yake asipelekwe kukaa chumba kimoja na msambazaji, maana anatoka huko na namba za simu mpya.

Umeuliza umripoti? Kwa sheria ilivyo, kutumia na kukutwa nayo ni kosa, kwa hiyo ukimripoti yeye unamfungulia kesi, na akishajua mjomba ndo aliyempeleka hutamuona tena, atahamia Dar au atavuka Kilambo aingie Msumbiji. Muuzaji ni habari nyingine, namba ya mamlaka ni 119, ni bure, na huna haja ya kupiga kutoka kijiweni kila mtu akikusikia. Huku kwetu mjomba bado ana neno, kuna nyumba ambazo baba akisema kijana anaguna na mjomba akisema anakaa chini, itumie hiyo, ila itumie kumfikisha Ligula siyo kumtangaza kwenye kikao cha ukoo. Mama yake aende naye siku ya kwanza, wewe nenda ya pili. Na kaeni na kondomu nyumbani bila aibu, mpeleke apime na virusi vya Ukimwi, meth inaamsha hamu na inazima akili kwa pamoja.

Boda mchukulie, leo. Mtu ambaye hajalala siku nne na anaona watu nyuma yake hatakiwi kuwa barabarani na abiria, atamuua mwanafunzi pale njia ya Naliendele na wewe ndo mdhamini. Usimwambie umemnyang'anya, mwambie inalala kwangu mpaka daktari aseme. Nenda kwa mwenye mkopo uongee naye mapema kabla hajakutafuta, wengi wanakubali pikipiki iendeshwe na mtu mwingine kwa hesabu ileile kuliko kuikosa. Kisha akishalala, akishaanza kula, na daktari akikubali, mpange naye: wiki ya kwanza safi anapewa aioshe na aiwashe tu uani, wiki ya pili anaendesha mchana mfupi wewe ukiwa abiria, kisha nusu siku, jioni inarudi kwako. Za usiku asipewe kwa miezi mingi, hata akilalamika hesabu haitimii, maana usiku ndo aliponunulia. Akiteleza inarudi uani wiki moja, bila matusi, halafu mnaanza tena na ufunguo unakaa kwako, siyo kwa mama yake, yeye ataombwa mara moja tu atatoa.